Bibi anasikia sauti, maneno ndo hayamfikii

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Bibi yangu ana miaka 78, juzi nimempeleka kliniki, nesi akawa anamuuliza maswali huku ameinamia faili, bibi akasema "unasemaje mwanangu?" mara tatu, nesi akaanza kumfokea eti huyu bibi ni kiziwi. Kiukweli iliniuma sana. Bibi sio kiziwi jamani, jogoo akiwika anasikia, lori likipita anasikia, ila kipimajoto kikilia pii pii kwapani kwake hasikii kitu.

Hali hii inawapata wazee wengi mno. Sikio la kijana linasikia sauti mpaka za hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde (ikiwa mingi sauti inakuwa nyembamba zaidi), sasa umri ukienda zile sauti nyembamba za juu ndo zinatangulia kupotea, maana seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zinazozipokea zinakufa, na zikishakufa hazioti tena. Na herufi kama s, f na th sauti zake ziko huko huko juu, kwa hiyo ukimwambia mzee "fika" anaweza kusikia "pika". Ukimpigia kelele unakuza zaidi zile a, e, o ambazo tayari anazisikia, unamuumiza bure.

Manesi, na sisi wajukuu pia, tuwasogelee, tuwaangalie usoni, tuongee taratibu. Nesi wa pili alivuta kiti akakaa mbele yake, bibi akajibu kila kitu, mpaka dawa anazomeza asubuhi alizitaja mwenyewe.

Mjukuu, Morogoro