Hewa ya Tanga ipimwe kaskazi, si masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu vumbi la viwanda hapa Tanga. Mimi ni dobi, na nguo zangu nyingi ni nyeupe: kanzu za Ijumaa, mashuka ya nyumba za wageni, sare za wauguzi. Dobi asiyejua upepo anafua mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Mwezi Mei walikuja wataalamu kupima hewa mtaani kwetu. Waliiweka mashine yao mchana, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, wakaondoka nayo jioni. Baadaye tukasomewa kwenye mkutano wa mtaa kwamba hewa yetu iko ndani ya viwango. Sibishani na mashine yao. Mei hata mimi naanika kanzu popote. Masika imeosha mabati na miembe, barabara ya malori imelowa, na kusi, upepo wa kutoka kusini, imeshaanza kuvuma. Vumbi linalobaki linawaendea wenzetu wa upande wa pili wa viwanda, nao waulizwe habari zao.

Sasa waje Januari. Mimi naishi kusini-magharibi mwa viwanda, kwa hiyo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, inapovuma inapita kwanza kwenye machimbo ya mawe ya chokaa na kwenye njia ya malori, ndipo inafika kwenye kamba yangu. Mvua hakuna, ardhi imekauka, na lori lisilofungwa turubai likipita, ule upande wa shuka unaotazama barabara unageuka rangi mbele ya macho yako.

Tena kaskazi ina nafuu kwa sababu angalau inavuma. Kibaya zaidi ni malelezi, kusi ikiwa imekata na kaskazi haijaja, kabla vuli haijakolea. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito kuliko ya juu, na moshi unakosa pa kupandia. Nikitoka alfajiri kwenda kuswali naukuta umelala usawa wa madirisha. Umande ukishuka juu ya vumbi la chokaa na saruji, kukicha limeshikana kuwa ukoko wa kijivu kwenye bati. Kitambaa hakilitoi, mpaka ukwaruze kwa kisu. Siku hizo silazi nguo nje, na asubuhi sianiki chochote hadi saa nne, upepo wa bahari unapoanza kuingia. Mvua ya kwanza ya vuli nayo tunaiacha ipite, hatuikingi kwenye simtanki, maana kinachotoka kwenye mfereji wa paa ni tope.

Na hilo ninaloliona mimi kwenye kola ni vumbi kubwa. Lile jembamba, chini ya mikromita 2.5, halionekani kwa macho, na ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka vumbi hilo lisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa saa 24, na wastani wa mwaka usizidi 5. Saa 24, Mhariri, yaani na usiku umo. Na wastani wa mwaka utaupataje kwa mchana mmoja wa masika?

Sheria tunayo, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Ninachoomba ni kalenda. Mashine ikae mtaani Januari na Februari, irudi wakati wa malelezi, ilale hapo usiku. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na tarehe na saa ya kupima, tuyasome wenyewe. Na miezi ya kaskazi barabara ya malori imwagiwe maji, turubai zifungwe.

Siombi kiwanda chochote kifungwe. Ovaroli za wafanyakazi wao ndizo zinazonilipia ada za watoto, na mawe haya haya ya chokaa yaliyotupa mapango ya Amboni yameilisha Tanga miaka mingi. Wala sisi wakazi hatuko safi: tunachoma takataka alfajiri, saa ile ile moshi hauna pa kwenda. Mashine ikituumbua na sisi, sawa.

Wataalamu wakisema usiku hawana mahali salama pa kuiacha, uani kwangu kuna ukuta, umeme upo, na mimi huamka saa kumi.

Dobi,
Tanga