Kaka, ile mechi ya Zambia bado inaniuma

Kaka za masiku, shemeji na watoto hawajambo? Meseji yako niliiona ila sikuwa na hamu ya kuongelea mpira kabisa.

Fainali ya AFCON, hili Kombe la Mataifa ya Afrika la mwanzoni mwa 2024, imeshapigwa, wenyeji Ivory Coast wamebeba kombe lao, mi akili yangu bado iko San-Pédro, mji ambao Tanzania yetu ilicheza na Zambia. Zile goli 3 tulizofungwa na Moroko wala hazinisumbui, wale wametoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, unafungwa unajipanga upya. Kocha wetu Amrouche kafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, mechi 8 kwa yale maneno yake kuhusu Moroko, sawa, ilituyumbisha, ila Hemed Suleiman kapewa timu na mechi ya Zambia vijana wakaanza na moto kweli. Dakika ya 11 tu Samatta kampa Msuva, Msuva kaweka kambani, halafu kabla ya mapumziko Kabwe wa Zambia kalimwa kadi nyekundu. Yaani tunaongoza, wao wako 10, kipindi kizima kiko mbele yetu!

Sasa kaka kwanini tulirudi nyuma wote? Mpira ukitufikia tunabutua, wanaurudisha, tunabutua tena, utadhani sisi ndo tuko pungufu. Dakika ya 88 kona, anaenda kupiga Chama wao, Chama huyuhuyu aliyekuwa Simba wakati ule, tuliyekuwa tunamuona kwenye ligi yetu kila siku, anaichonga na Daka, mwenzake wa Zambia, anapanda hewani anatia kichwa. 1-1. Nilizima tivii, sikutaka kusikia hata mchambuzi.

Na kinachoniumiza zaidi ni hesabu. Kongo (DRC), wa kundi letu, walitoka sare mechi zote 3 za makundi, pointi 3 zikawapa nafasi ya pili na wakafika mpaka nusu fainali. Sisi tungelinda lile goli, na ile sare yetu na wao, tungekuwa na 4, juu yao kabisa! Tumerudi na 2, wa mwisho kwenye kundi.

Na si mara ya kwanza, 2019 kule Misri tuliwatangulia Kenya mara mbili tukaishia kulala 3-2. AFCON ya 1980, ya 2019 na hii, mechi 9, ushindi hakuna. Vipaji tunavyo bana, ila tukishapata goli tunaingiwa na woga, hicho ndo kitu cha kufanyiwa kazi kabla ya 2027 maana tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, sitaki watu wajaze Kwa Mkapa halafu tuone ya San-Pédro tena.

We ulionaje kipindi cha pili, ungemuingiza nani? Niandikie basi, na wasalimie wote hapo.