Kuni bado zinawaka vijijini, tufundishane kuzichoma bila moshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, linarukwa katika mjadala wa nishati safi ya kupikia, nalo ni jiko la kuni lenyewe. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi wilayani Makete, mkoani Njombe, ambako miezi ya Juni na Julai umande huganda juu ya nyasi na asubuhi mashamba yakaonekana meupe kama yamemwagiwa chumvi. Kwetu sisi jiko la kuni si la kupikia tu. Ndilo linalokausha sare za watoto wa shule zilizoloa kwa ukungu, ndilo linalochemsha maji ya wazee kuoga, na ndipo familia nzima inapokaa jioni, kwa sababu hakuna chumba kingine ndani ya nyumba chenye joto.

Naunga mkono kwa dhati Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nimeona mitungi ya gesi ya kilo 6 ikiuzwa kwa bei ya ruzuku, na nimefurahi kuona akina mama wadogo wakichemsha chai asubuhi bila kupuliza moto. Hata hivyo, nimeona pia mitungi hiyohiyo ikikaa kwenye kona miezi mitatu bila kujazwa, kwa kuwa fedha ya kujaza haikupatikana au gari la kuleta gesi halikupanda mlima wakati wa masika, huku miwati na mikaratusi ikiwa imesimama hatua ishirini kutoka mlangoni. Zaidi ya asilimia 60 ya kaya za Tanzania Bara zimekuwa zikitegemea kuni, na hata lengo la mwaka 2034 likitimia lote, kaya mbili katika kila kumi bado zitakuwa nje ya lengo hilo. Kaya hizo zitapika kesho asubuhi. Nani anazifundisha namna ya kuchoma kuni kwa moshi mdogo kadiri inavyowezekana?

Nasema hivi nikijua vizuri madhara ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee, na kwamba mtoto anayevuta moshi huo anakabiliwa na hatari ya kupata nimonia inayokaribia maradufu ya mwenzake asiyeuvuta. Chembechembe zinazoleta madhara makubwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi kwamba hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu, ndiyo maana moshi wa jikoni unahusishwa pia na kiharusi, magonjwa ya moyo na mtoto wa jicho. Mama mkwe wangu alipika kwenye mafiga kwa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa akiingia jikoni ameinama, kwa sababu moshi ulianzia usawa wa kifua kwenda juu, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote hata wajukuu wakadhani ndivyo macho ya bibi yalivyo.

Kwa hiyo sitetei moshi. Ninachotetea ni kwamba moshi na kuni ni vitu viwili tofauti, na kwamba mtu mwenye kuni kavu, jiko lililojengwa vizuri na dohani inayotoka nje anaweza kupunguza sehemu kubwa ya madhara hayo kwa gharama ambayo mkulima anaiweza.

Nianze na kuni zenyewe, kwa sababu hapo ndipo kosa letu kubwa lilipo na ndipo marekebisho yalipo rahisi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukiuingiza jikoni ukiwa hivyo, moto hutumia nguvu yake kuyachemsha maji hayo kwanza, jiko halipati joto la kutosha kuunguza hewa zinazotoka kwenye kuni, na hewa hizo zisizoungua ndizo zinazopanda zikiwa moshi mzito wa manjano. Kilo moja ya kuni kavu hutoa joto linalokaribia maradufu ya kilo moja ya kuni mbichi. Mwanamke anayebeba mzigo wa kuni mbichi kutoka bondeni amebeba kichwani ndoo ya maji ambayo hataitumia, na jioni atalipa tena kwa macho yake.

Kuzitambua hakuhitaji kipimo cha dukani. Shika vipande viwili uvigonganishe: vilivyokauka hulia kwa sauti kali, na vibichi hutoa mlio mzito uliozama. Tazama ncha ya kipande: kilichokauka kina nyufa zinazoanzia katikati kwenda pembeni kama miali, na gome lake linabanduka kwa kidole. Kikiwa tayari motoni, kibichi hujitangaza chenyewe, kwani povu hutoka kwenye ncha ya nje huku kikifoka.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati ya ratiba ambayo hatuitumii. Mvua zetu huisha kati ya Aprili na Mei na kurudi Novemba. Anayekata miwati yake mwezi Mei, akaichanja mara moja badala ya kuacha magogo mazima, akaipanga juu ya miti miwili ili isiguse ardhi, upepo ukapita katikati na bati au turubai likakinga juu peke yake bila kufunika pembeni, ana takriban miezi sita ya jua na upepo mkavu. Novemba ikifika, kuni hizo zimekauka na zinahamia chini ya upenu. Kuchanja ndiyo siri, kwa maana gome hulifungia gogo maji yake, nalo gogo zima laweza kukaa mwaka mzima nje na bado likatoa povu. Misindano nayo ina utomvu mwingi unaotoa masizi meusi, hivyo ikaushwe zaidi, au itumike kwa vijiti vya kuwashia tu. Na kwa kuwa nimetaja kuwasha, naomba tuache kabisa kuwasha moto kwa mifuko ya nailoni, vipande vya ndala na chupa za plastiki. Magunzi makavu ya mahindi na vijiti vya unene wa penseli vinawasha vizuri kuliko vyote hivyo, na havimlishi mtoto sumu pamoja na uji.

Kuhusu jiko, mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni na hulazimisha magogo mazito yakutane katikati bila hewa ya kutosha. Jiko banifu la udongo lina chumba chembamba cha moto na kuta nene, hivyo ndani huwa na joto kali, moto hupanda moja kwa moja hadi kwenye kitako cha sufuria, na kuni hulala juu ya kibao kidogo cha chuma au kigae ili hewa ipite chini yake kuufikia moto. Linataka vipande viwili au vitatu vya unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, vinavyosogezwa ndani kadiri ncha zinavyoungua. Anayelishindilia mpaka mdomo wa jiko ukajaa ameziba hewa kwa mkono wake, na jiko hilo litatoa moshi kama mafiga. Majivu yaondolewe kila asubuhi, sufuria ifunikwe, na maharage yalowekwe tangu usiku. Mama anayeloweka maharage hupunguza muda wa kukaa kwenye moto pengine kuliko anayenunua jiko jipya.

Hata hivyo jiko peke yake halitoshi, na hapa naomba wanaopanga miradi wanisikilize. Nchini Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, ambao matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2016. Kaya zilipewa majiko ya kisasa yenye feni, yanayochoma kuni vizuri zaidi lakini yasiyo na dohani, na nimonia kwa watoto haikupungua. Kwenye milima ya San Marcos nchini Guatemala, mahali penye baridi kama kwetu, mtafiti Kirk Smith na wenzake walijenga majiko ya kuni yenye dohani katika kaya za wazazi waliokubali. Kwa mujibu wa matokeo waliyochapisha mwaka 2011, moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu, na nimonia kali ikapungua kwa takriban theluthi moja. Mazingira ya nchi hizo mbili yanatofautiana na sitaki kudai zaidi ya kinachojulikana, lakini mimi najifunza kwamba moshi lazima utolewe nje ya nyumba, tena nje kwelikweli.

Nasema kwelikweli kwa sababu tumeumia. Mradi mmoja uliopita kijijini kwetu ulitujengea majiko mazuri ya matofali, na dohani zake zikaishia chini ya bati, ndani ya dari, kwa kuwa mabomba yaliyoletwa yalikuwa mafupi na fundi aliambiwa amalize kazi kabla ya siku ya makabidhiano. Picha zikapigwa, wageni wakaondoka, na moshi ukawa unashuka kutoka darini badala ya kupanda kutoka sakafuni. Ndani ya miezi minne wengi wetu tulikuwa tumeyavunja na kurudisha mafiga. Dohani inapaswa kupita juu ya kilele cha paa, kwa nusu mita au zaidi, ili upepo usiurudishe moshi ndani. Iwe na kona chache iwezekanavyo. Pale inapopenya paa pawekwe bati pana na nafasi ya kuitenga na mbao na nyasi, isije ikaunguza nyumba. Na kila mwezi ipitishiwe fagio la mti mrefu kuondoa masizi, maana masizi yakijaa huziba njia na yanaweza kushika moto humohumo. Lami nyeusi inayong'aa ndani ya bomba ni ushahidi kwamba mwenye nyumba anachoma kuni mbichi.

Kuna pingamizi moja la akina mama ambalo sijawahi kulisikia likijibiwa kwenye semina yoyote. Nilipomjengea mama mkwe jiko lenye dohani iliyokamilika, alilitazama siku tatu bila kulitumia. Nilipomuuliza, akanionyesha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia darini, meusi kwa masizi, akasema, "Mwanangu, moshi huu ndio mlinzi wa mbegu zangu. Ukiutoa nje, fukusi wataingia." Alikuwa anasema kweli. Kwa vizazi vingi moshi umekausha mahindi na kufukuza wadudu, na umezuia nyasi za paa kuoza. Hatukupiga hatua mpaka tulipompatia mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu, akajaza mbegu zake zilizokaushwa vizuri juani na kufunga. Msimu ulipofika alifungua akakuta punje zimetulia, na siku hiyohiyo akahamia kwenye jiko jipya. Afisa anayekwenda kuzungumzia majiko bila kuzungumzia mbegu atarudi na ripoti kwamba wananchi ni wagumu kubadilika, wakati yeye ndiye hakuuliza.

Niongeze onyo moja fupi. Wapo wanaoona baridi ya Julai imezidi, wakaingiza jiko la mkaa au beseni la makaa chumba cha kulala na kufunga madirisha. Makaa yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Joto la usiku lipatikane kwa jiko lenye dohani chumba cha jikoni, blanketi na chupa ya maji ya moto. Makaa yabaki nje.

Ombi langu kwa Wizara ya Nishati, halmashauri zetu na wote wanaotekeleza mkakati huu ni kwamba maafisa misitu, maafisa ugani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe somo la kuni kavu na dohani kama wanavyopewa somo la gesi, na kwamba jiko la mradi lisihesabiwe kuwa limekamilika mpaka mkaguzi apande na kuona bomba limetoka juu ya paa. Kwako Mhariri, naomba gazeti lako lichapishe maelekezo ya kukata, kuchanja na kupanga kuni katika mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika na mashoka yakiwa yanaingia mashambani, kwa sababu somo hilo likitoka Novemba litawakuta watu tayari wana kuni mbichi uani na mvua mlangoni.

Mwalimu mstaafu,
Makete, Njombe