Kabla ya kuzima fayawoli, soma anwani ya rauta

KWA MHARIRI,

Naomba nafasi gazetini niwasemee watu wanaolipia kazi isiyofanyika. Wapiga picha za harusi, wachapishaji wa River Road na makanisa yanayorekodi ibada siku hizi hutumia programu kama Syncthing na qBittorrent, ambazo hupeleka faili moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine. Programu ikikwama, fundi huitwa. Mara nyingi huzima fayawoli yote, yaani ukuta wa kinga wa tarakilishi, kisha huiweka tarakilishi kwenye DMZ ya rauta, yaani huielekezea kila kinachobisha hodi kutoka nje. Faili bado haziendi, na sasa mashine haina kinga. Mafundi wenzangu, tuiache desturi hii.

Kabla ya kuuliza ni poti gani (mlango wenye nambari ambao programu hupitia) ifunguliwe, tujue kwanza kama anwani ya intaneti iliyofika kwenye rauta ni ya mteja peke yake au inatumiwa na wengi. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Fungua ukurasa wa rauta; anwani yake, ambayo aghalabu ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Tafuta sehemu ya hali ya mtandao usome anwani iliyo kando ya neno WAN, yaani upande wa nje wa rauta. Halafu fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako jinsi inavyoonekana kutoka nje. Zikilingana, mlango ni wako, waweza kuufungua. Zisipolingana, usiguse poti kwanza.

Chukua mfano wa mtaa wetu wa majumba ya kupanga. Anwani ya intaneti, au IP, ni lango la jumba, na poti ni nambari ya chumba. Kufungua poti kwenye rauta ni kumwambia bawabu wa jumba lako: mgeni akitaja chumba 22000, mlete kwangu. Lakini kama jumba lenyewe limo ndani ya ua wenye lango jingine kubwa, mgeni atarudishwa huko nje, na bawabu wako hatajua hata kwamba alikuja. Hivyo ndivyo kampuni nyingi za intaneti zinavyofanya, na sababu yao ni ya kweli. Anwani za IPv4, toleo la zamani la anwani hizi, ni 4,294,967,296 tu duniani kote, na hazina kuu ya kimataifa ilimaliza kuzigawa Februari 2011. Mnamo 2012 fungu maalumu likatengwa kwa kampuni zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja: kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiiona nambari ya namna hiyo kwenye WAN, jua uko nyuma ya lango kubwa la kampuni, na hakuna mpangilio wowote wa poti kwenye rauta yako utakaolifungua.

Ikianza na 192.168, 10, au 172.16 hadi 172.31, huenda ni lango la kampuni vilevile, lakini mara nyingi kosa liko sebuleni. Kampuni imeleta kisanduku cha faiba ambacho tayari ni rauta, kisha mteja akanunua nyingine Luthuli Avenue akaichomeka nyuma yake. Rauta mbili, mabawabu wawili wasioambiana. Igeuze ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu: ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani za ndani), kisha toa waya kwenye tundu la WAN uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya upande wa ndani. Baada ya hapo poti hufunguliwa mahali pamoja tu, kwenye kisanduku cha kampuni.

Mwenye anwani yake halisi aanze kwa kuifungia tarakilishi anwani moja ya ndani katika sehemu ya DHCP. Asipofanya hivyo, umeme ukipotea na kurudi, tarakilishi inaweza kupewa nambari nyingine, na poti iliyofunguliwa ielekee kwenye televisheni. Ahakikishe pia kwamba tarakilishi haibadilishi ovyo anwani yake ya MAC, yaani nambari ya kifaa ambayo rauta huitumia kukitambua. Windows ina swichi ya kufanya hivyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Kisha Syncthing ifunguliwe poti 22000, TCP na UDP zote mbili, ambazo ni namna mbili za kusafirisha data. Kwa qBittorrent, chagua nambari moja kati ya 49152 na 65535 uiandike sawasawa katika programu na katika rauta. Zile za zamani, 6881 hadi 6889, ziepuke kwa kuwa ndizo za kwanza kubanwa. Unapojaribu, programu iwe inafanya kazi, kwani poti isiyo na programu inayosikiliza huonekana imefungwa hata kama rauta imepangwa vizuri. Tena jaribu kwa data ya simu, si kwa Wi-Fi ya nyumba hiyohiyo, maana rauta nyingi za bei nafuu haziwezi kutoka nje na kurudi kwa anwani yao wenyewe.

Fayawoli ya Windows haina haja ya kuzimwa. Tatizo lake la kawaida ni kwamba programu ilipofunguliwa mara ya kwanza, kidirisha cha kuomba ruhusa kilijitokeza na mtu akakifunga kwa haraka. Windows huweza kuandika hapo kanuni ya kuzuia, na kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Utaongeza ruhusa kumi na hazitasaidia kitu. Ingia kwenye kanuni za miunganisho inayoingia, itafute programu kwa jina, futa ile ya kuzuia, ndipo uruhusu. Angalia pia kama mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa umma badala ya binafsi, na kama kuna kingavirusi yenye fayawoli yake.

Kuna poti mbili ambazo zisifunguliwe kwa nje kamwe. 8384 ni ukurasa wa kuiendesha Syncthing yenyewe. 445 ndiyo njia ya kushiriki mafaili ya Windows, na ndiyo iliyopitiwa na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, Mei 2017, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo. DMZ hufungua njia zote mbili bila kumwambia mwenye mashine. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Aliye nyuma ya lango la kampuni hajakosa njia. Syncthing huhitaji upande mmoja tu uwe na poti wazi. Ofisi ya mjini ikiwa nayo, nyumba ya Kasarani itaipigia yenyewe kutoka ndani, na hakuna haja ya kulipia anwani mbili. Pande zote mbili zikiwa zimefungwa, Tailscale au ZeroTier, programu za kuunganisha mashine katika mtandao wa faragha, mara nyingi huweza kuzikutanisha. Ukiona neno Relay kando ya mashine ya pili katika Syncthing, faili zinapitia kwa mtu wa kati. Zimefichwa kwa usimbaji, hivyo hofu ya kusomwa haipo, ila mwendo utakuwa wa kobe.

Na si kila mwendo wa kobe ni kosa la rauta. Harusi ya gigabaiti 50, ikitumwa kwa laini ya kupakia megabiti 10 kwa sekunde, itachukua zaidi ya saa 11 hata mambo yote yakiwa sawa. Wekea programu kikomo cha takribani asilimia 80 ya kasi ya kupakia, ili nyumba nzima isikwame. Kwa qBittorrent, punguza miunganisho hadi 150 hivi. Kumbukumbu ya rauta ndogo hujaa upesi, na hapo hata WhatsApp hukataa.

Kwa kampuni za intaneti nina ombi moja. Mnatangaza megabiti kwa herufi kubwa. Andikeni papo hapo kama mteja atapata anwani yake au ya kushirikiana. Hadi hapo, mteja amuulize wakala kabla ya kulipa: je, anwani ya WAN nitakayopewa ni ya umma, na kama si ya umma, kuipata ni shilingi ngapi kwa mwezi?

FUNDI WA MITANDAO,
Umoja, Nairobi.