Maji yaende wapi?

Kirumba, Mwanza

Kwa shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa. Najua neno lako la kwanza: "Si nilikwambia upande basi?" Ulinambia, na basi lingenifikisha kwa siku moja. Mimi kwa treni nimetumia mbili. Sasa sikiliza.

Unamkumbuka marehemu baba, akirudi kazini na nguo zimejaa grisi, alivyokuwa akituhadithia Tabora, mahali treni moja inapogeuka mbili? Miaka yote nilidhani anatutania. Kumbe kweli! Tulifika usiku wa pili, watu wamelala, behewa likatikisika gwa! Nikachungulia dirishani. Mabehewa mengine yanakatwa yaende Kigoma, yetu yanafungwa kichwa cha kwenda Mwanza. Kulikuwa na kijana amekuja kwetu kupiga soga tangu magharibi. Alikurupuka akatoka mbio pekupeku, kandambili mkononi, maana begi lake ndilo lililokuwa linakwenda Kigoma. Kama aliliwahi, sijui. Tulicheka mpaka Bibi wa kitanda cha chini akatukemea.

Baba alikuwa akisema njia ya Mwanza ndiyo kitinda mimba. Mjerumani aliifikisha reli Tabora 1912, akaenda nayo Kigoma 1914, Mwanza akaiacha. Mwingereza ndiye aliyekuja kuimalizia, 1928.

Nilikata daraja la pili kulala: vitanda sita, wanawake watupu, kwa hiyo hata mtandio nilivua. Kula ni dirishani. Treni ikisimama tu, mabeseni yanainuliwa juu ya vichwa: mayai, karanga, kuku, na kule Unyamwezini asali kwenye chupa za maji. Nilikununulia mbili. Moja imefunguka ndani ya mkoba, ndiyo maana karatasi hii inanata pembeni. Usiilambe.

Kupita Shinyanga ni ng'ombe na mashamba, ng'ombe na mashamba, nikalala. Nilipoamka tumesimama porini, eti tunapisha treni ya mizigo. Tukapisha, tukapisha tena. Tuliotarajia kufika asubuhi tuliingia Mwanza saa mbili usiku, na mie moyoni nimeshalia, maana gesti ya kwanza niliyoipigia simu waliniambia ikipita saa kumi na mbili chumba anapewa mwingine.

Hii ya pili nilielekezwa na yule Bibi wa kitanda cha chini. Alimpigia mwenyewe palepale njiani, wakasemeshana Kisukuma, akakata simu akanambia, "Utasubiriwa." Kweli, nashuka stesheni nakuta mvulana na bajaji, mjukuu wa mwenye gesti. Alikuwepo tangu adhuhuri! Nikamuuliza kama hakuchoka, akasema alilala humohumo ndani ya bajaji.

Gesti yenyewe ina vyumba vinane, imejengwa juu ya jabali, na jabali jingine limeingia uani likawa ndiyo jiko. Usidhani natia chumvi. Huku hawalivunji jiwe, wanalizungushia nyumba. Asubuhi juu yake wanaota jua mijusi, mwili nusu waridi nusu bluu, kama wamevishwa kwa harusi. Mwenyewe ni mama wa makamo, wote wanamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na mie siku ya pili nikajikuta namwita hivyohivyo. Usiku ule alinikuta nimesimama mlangoni kama mwizi, akanipokonya begi, akaniwekea sato wa kuchemsha na ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa. Mwanaidi, udaga ni nduguye bada! Nilikula nikakumbuka kwetu. Nikasema "wabeja," yaani asante, neno moja nililofundishwa na Bibi, akacheka, akaniongezea mchuzi.

Kulipokucha nikaona maji mpaka upeo wa macho, nikamuuliza kipwani-pwani: "Mayu, maji yanakupwa saa ngapi?" Akanitazama. "Yakupwe yaende wapi?" Tangu hapo kila asubuhi akinipa chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ananiuliza kama maji yamesharudi.

Haya, ulisema ziwa si bahari. Kweli, halina chumvi wala harufu ya mwani, na pweza usahau. Ila njoo usiku wa giza, mwezi haupo, ukae juu ya jabali la Mayu. Taa za wavuvi wa dagaa zinawaka mbali majini, moja, kumi, mpaka huzihesabu tena, unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, maana dagaa hawaifuati taa. Sisi Tanga tuna waja leo waondoka leo. Mie leo ni siku ya tano, na nilikuja kwa mbili.

Kesho Mayu ananipeleka kwa bintiye, upande wa Sengerema. Zamani alikuwa akishinda foleni ya kivuko pale Kigongo, sasa anapita juu ya daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Anasema bado anabeba chakula cha njiani, kwa mazoea.

Nitarudi Jumamosi, kwa treni hiyohiyo, wala usinisemeshe. Nakuletea dagaa debe moja na asali iliyobaki. Mwambie mwanao anipokee, na asije saa niliyokwambia, aje baada yake.

Wako,
Zuhura