Waliorudi wazima nao tuwaenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimshukuru jirani yetu hapa Shangani, meja wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, aliyerejea kutoka Kongo na sasa amestaafu. Mwaka 2013 alikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopambana na waasi wa M23. Baadaye akapelekwa tena huko pamoja na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Vipindi vyote hivyo mkewe ndiye aliyepalilia mikorosho, akauguza na kuzika wazazi wa pande zote mbili. Naye tunampa pongezi.

Siku meja aliporudi, kina mama wa mtaa walimpokea stendi kwa vigelegele. Yeye aliomba jambo moja tu: apelekwe Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji. Alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi. Hata watoto walinyamaza.

Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa waliolala, na ni haki yao. Lakini hawa waliorudi, wengine na makovu yasiyoonekana, nao waitwe mbele, wakae na viongozi, wanafunzi wawaulize maswali. Jirani yetu huyu ana mengi ya kusimulia, na tungali naye.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara