YAH: Kibodi ya Sun Ultra 5 Inayogeuka Kila Nikifungua Dirisha

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kibodi ya Ultra 5 yetu, kompyuta ya kampuni ya Sun, ilipokufa mliniuzia nyingine, ya Sun pia, ila ya mpangilio wa PC. Kushoto kwa A, ambako vidole vyangu vimezoea kukuta Control, pamekaa Caps Lock. Niliuliza kabla ya kulipa, nikajibiwa fundi atavibadilishia nafasi. Risiti yenu ninayo: "kuhamisha Control na Caps Lock, kwa kudumu, Sh 40,000".

Siku ya kwanza fundi aliandika amri za xmodmap, programu ya kubadilisha vitufe, kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, vitufe vikahama, akaaga. Asubuhi yake nilipoingia upya vilikuwa vimerudi kwao. Amri zile hukaa tu kwenye kumbukumbu ya X, mfumo unaoonyesha madirisha; ukitoka, zimepotea.

Akarudi, kwa Sh 40,000 nyingine, akazibandika amri zilezile kwenye .cshrc, faili yangu ya mipangilio. Faili hiyo husomwa kila terminali inapofunguliwa, na amri zake zinataja vitufe kwa majina: chenye jina la Control kiwe Caps Lock, chenye jina la Caps Lock kiwe Control. Basi dirisha la kwanza vinahama, la pili vinarudi, la tatu vinahama tena. Mimi kwa siku hufungua hata saba. Nimekuwa wa kuhesabu madirisha kama mcheza bao anavyohesabu kete!

Jumanne nilikosea hesabu. Nilikuwa ndani ya vi, programu ya kuhariri maandishi, na orodha ya viwanja, nikabonyeza nikidhani ni Control, kumbe nimewasha Caps Lock. Nikashika j nishuke. Kwenye vi, J kubwa huunganisha mistari, na vi ya Solaris, mfumo endeshi wa Sun, hutengua hatua moja tu. Viwanja vyote vikawa mstari mmoja.

Nilipopiga simu kwenu nikaambiwa nichomoe kibodi niichomeke tena. Ndugu Meneja, mashine hizi ukizichomoa kibodi zikiwa zimewaka husimama papo hapo, skrini ikabaki na neno ok, ikingoja amri. Niliichomeka tena, nikaandika go, ikaendelea. Niliyoyasema kwenye simu siyarudii hapa.

Naomba amri zile zifutwe kwenye .cshrc, ziandikwe upya kwa namba za vitufe, zisizohama, badala ya majina, kisha ziwekwe kwenye ~/.dt/sessions/sessionetc, ambayo CDE, mazingira ya madirisha ya mashine hii, huiendesha mara moja tu ninapoingia. Faili ipewe na ruhusa ya kuendeshwa, maana fundi wenu anaweza kulisahau na hilo. Ni kazi ya dakika kumi. Ningeifanya mwenyewe, ila nimeshailipia mara mbili.

Sh 40,000 ya safari ya pili naomba irudishwe. Nasubiri majibu yenu kabla ya Ijumaa.

Wenu,
Mteja, ofisi ya ramani